Kisanduku Namba Saba

Bwana Msajili,
fomu yenu inauliza: Madhumuni ya klabu, kwa kifupi.
Mmetuachia mstari mmoja, urefu wa kidole cha shahada.
Chini yake, kwa herufi za sisimizi:
nafasi isipotosha, ambatisha karatasi.
Naambatisha.

Mimi ni mweka hazina, fundi cherehani wa Mabatini.
Hesabu ziko ukurasa wa pili. Ni chache, hazitakuchosha.
Godoro la kwanza nililishona mimi
kwa nyavu kuukuu za dagaa, mikunjo mitatu,
tukalishindilia pumba za mpunga za mashine ya Igoma.
Lilinuka. Mpaka leo likipigwa na jua la saa nane
mtoto hutua kwa pua kwanza,
miguu ikafuata.

Ilianza hivi. Sayi, mwana wa Holo, miaka tisa,
alikuwa akiruka jiwe hadi jiwe nyuma ya nyumba yao,
yale mawe yetu yaliyokaa kilimani kama wageni wasioaga.
La nne lilikuwa na ukungu wa asubuhi.
Mkono ukavunjika mara mbili.
Wodini Holo alikuja na fimbo ndani ya khanga,
anasubiri tu plasta ikauke.

Nyanzobe alikuwa akipiga deki.
Huyo Nyanzobe, ujanani, kwenye bugobogobo,
alirusha jembe likapotea juani
akalipokea kwa shingo bila kuacha kucheza.
Aliegemea ufagio, akasema:
Mama, mtoto hana kosa la kuruka.
Amekosa wa kumfundisha kutua.

Jumamosi ile walikuja sita.
Iliyofuata, ishirini na saba, na mbuzi.

Tumehama mara nne.
Uwanja wa kanisa, mpaka dirisha la sakristia.
Shule, mpaka mwalimu mkuu mpya.
Ghala la Mwaloni, mpaka kodi.
Sasa tuko kiwanja cha mzee Lushinge, anayetaka
tumfyekee majani tu, na tusimwite mfadhili.

Usawa hatukuwafundisha, usituandikie sifa hiyo.
Wamepanda milima hii na ndoo kichwani tangu wana miaka mitano;
ukiwaweka juu ya ubao wanashangaa
mbona hauna maji.

Maneno yalikuwapo. Msichana akipiga msamba
ataolewa na nani? Mifupa itakuwa ugali.
Kwandu, mwenye mabinti watatu, alijibu gengeni
huku akipima dagaa: ataolewa na anayejua kuhesabu
wanawe wangapi wamesimama kwa mikono.
Sikuelewa. Hata yeye sidhani.
Lakini walinyamaza.

Milembe ana kigugumizi.
Akiwa kichwa chini hesabu yake hutoka nyoofu,
moja mpaka arobaini.
Akisimama, kigugumizi kinarudi.
Hatudai tumemponya. Tunampindua tu
kila Jumanne na Jumamosi.

Mashindano: moja, Shinyanga. Tulishika mkia.
Zulia lao lilikuwa na springi;
wetu, waliozoea pumba, waliruka wakapitiliza
hadi mezani kwa waamuzi.

Jina, Furu, walichagua wenyewe.
Ndiye samaki ambaye sangara amemla miaka na miaka
na bado, ukichungulia kati ya mawe,
yumo, urefu wa kidole, anageuka.

Sasa madhumuni.
Njoo Jumamosi saa tisa, simama upande wa jua.
Sayi ni kijana, mkono wake ulipona ukiwa umepinda kidogo.
Mdogo anapobinuka kinyumenyume
Sayi hunyoosha kiganja chini ya mgongo wake
asimguse.
Hiyo nafasi, kati ya kiganja na mgongo,
ipime, Bwana Msajili.
Itaenea kwenye mstari wako.

Ada nimeifunga kwenye kitambaa cha bluu.
Noti mbili zina pumba.
Zikung'ute tu.